Dereva wa Ng'ambo ya Uzio

Mtaani kwetu Sekei, hapa Arusha, ukisema "Dereva" bila kuongeza jina, hakuna atakayekuuliza dereva yupi, ingawa kila nyumba ya tatu ina mtu anayepeleka watalii porini. Mimi nimefundisha jiografia sekondari miaka thelathini, na ukisema "Mwalimu" watakuuliza yupi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma kwanza, na sitaki mtu asome habari hizi akidhani anasimuliwa na mwenye moyo safi.

Alikozaliwa na ukoo wake nitawaachia ndugu zake. Mimi namjua kuanzia uzio kuja huku, na kwa miaka ishirini hiyo imenitosha.

Asubuhi, kabla hajanywa chai, alilifuta gari lake kwa kitambaa, hata kama jana yake halikutoka. Lilikuwa Kruza, yaani Land Cruiser, kuukuu ya kijani aliyouziwa na bosi wake ilipochoka. Chai aliinywa amesimama, mkono mmoja juu ya boneti. Darubini haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo dukani kununua sukari, na siku moja nilimwona akiitumia kusoma bei ya mafuta ya kula akiwa ng'ambo ya barabara. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama mtu aliyepaki akitaka kuwahi kutoka. Nilipomtania kuhusu darubini alinijibu, "Mwalimu, wewe una chaki mfukoni mpaka leo, na ulishastaafu." Nikapapasa mfuko. Kweli ilikuwemo.

Alikuwa mwongo wa kuchekesha kwa kila kitu kisicho na miguu minne. Aliwahi kutuambia kwenye kikao cha jumuiya kwamba alipika wali ndani ya kofia, na wazee wazima wakataka kujua kofia ya aina gani. Lakini kwa wanyama hakuwahi kuongeza chumvi hata punje. Akiona mkia wa chui hakusema ameona chui, alisema ameona mkia. Madereva wengine walimheshimu kwa hilo. Akisema kwenye redio ya gari kwamba kuna simba chini ya mti fulani, magari yote yaligeuza bila swali.

Na mtu huyohuyo, aliyewahi kunywa soda huku simba amelala kwenye kivuli cha gari lake, alimwogopa bata bukini wa mama mchungaji. Alizunguka mtaa mzima ili asipite getini kwao. Nilimwambia ni aibu. Akasema simba hana chuki naye binafsi.

Vijana walipomwomba awafundishe kuona wanyama, aliwapa maneno yaleyale: "Usitafute mnyama. Tafuta kilichokaa vibaya." Alikuwa na maana kwamba porini kila kitu kina mkao wake, na jicho likizoea mkao huo, sikio la swala katikati ya majani linajitokeza lenyewe. Mimi nilifundisha watoto elfu kadhaa kusoma ramani, na sijawahi kusikia hata mmoja akinukuu maneno yangu. Ya Dereva yalinukuliwa na mwanangu mezani kwangu, nikila chakula changu.

Sasa nimseme mwanangu, maana bila yeye Dereva angekuwa jirani tu. Anaitwa Elibariki, ni mtoto wetu wa pekee. Dereva na marehemu mkewe hawakujaliwa watoto. Kati ya nyumba zetu kuna uzio wa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo sisi watu wa mlimani, Wameru na jirani zetu Wachaga, tunayapanda mipakani. Sale lina kazi nyingine pia. Mtu aliyekukosea akija kwako na jani la sale mkononi, amekuja kuomba msamaha. Hana haja ya kusema mengi, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Hata waliotiana mapanga wameshapatanishwa kwa jani hilo.

Eli alipokuwa na miaka sita alianza kupenya kwenye uzio kwenda kukaa ndani ya lile gari. Alipenya sehemu ileile kila siku mpaka likawa pengo la ukubwa wa mtoto. Akitoka shule alipitia pengoni kwanza, nyumbani baadaye. Nilivumilia mwaka mmoja, kisha Jumamosi moja nikapanda vijiti vya sale palepale, nikavibana. Dereva alikuja akasimama upande wake akiwa na kikombe cha chai.

"Unaziba, Mwalimu?"

"Kuku wangu wanapita."

Sikuwa na kuku. Alinitazama, akanywa chai yake, akaondoka. Vijiti vilishika, pengo likaziba, na Eli akajifunza kuruka.

Nilitaka mtoto awe mhasibu. Akaenda chuo cha waongoza watalii. Alipokuja likizo alipiga honi ya gari lililomleta, kwanza kwenye geti la Dereva, mbili fupi na moja ndefu, kisha ndipo akaja kwetu na kusema "Shikamoo, baba" kwa adabu zote. Adabu hakunikosea hata siku moja. Ila mimi nilikuwa naisikia ile honi. Mke wangu aliniambia, "Baba Eli, mtoto kupendwa na watu wawili si hasara." Nilijua ni kweli, na haikunisaidia kitu.

Mwaka jana, vuli ikiwa bado haijaanza, Dereva aliniita pale kwenye uzio.

"Mwalimu, twende tukaone nchi kavu kabla mvua haijaivuruga. Siku sita. Mkomazi, tugeuze, Tarangire, tumalizie Natron. Wewe na mimi tu."

Nilikuwa nimefundisha majangwa na nusu jangwa maisha yangu yote bila kukanyaga hata moja. Yeye alilijua hilo, kwa kuwa ndilo alilozoea kunitania nalo. Nikasema nitafikiri, huku miguu ikitaka kwenda kufunga begi. Siku ya kuondoka akanirushia funguo. "Utaendesha wewe."

Ile Kruza hakuwahi kumwachia mtu. Hata Eli hajawahi kuitoa nje ya geti. Tulipofika Usa River nilisimama kando ya barabara, nikajipiga picha nikiwa nimeshika usukani na kumtumia mwanangu. Sikuandika neno lolote. Picha ilitosha.

Furaha yangu iliishia geti la hifadhi ya Mkomazi. Askari walitoka mbio kumwamkia, wawili wakamshika mikono yote miwili, mmoja akamwita baba. Kisha yule aliyekuwa anaandika majina akanigeukia na kuniuliza, "Na wewe ndiye dereva wake?" Dereva akacheka mpaka akashika boneti. Nikasema ndiyo, nifanyeje.

Ndani ilikuwa nchi nyekundu, vumbi jekundu, vichaka vya miiba visivyo na jani, na upepo wa moto kama unaotoka jikoni. Nilikuwa nimeichora kwa chaki mara nyingi na kumbe sikuijua. Nilimwona swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndefu ndani ya mti, akila kama mtu anayechuma mapera. Nikapiga kelele. Dereva akasema taratibu, "Usimtishe, yuko mezani." Alikuwa na njia yake. Aliniambia punguza, zima, sikiliza. Tulikaa kimya, kisha akasema kuna nyati kulia, amesikia ndege wanaokula kupe. Nikasogeza gari kidogo na kweli, nyati walikuwepo. Wivu ulinipanda. Nilijiambia mtu huyu hata masikio yake yanaona.

Siku ya pili, jua likiwa limeanza kuegemea, alinishika mkono.

"Twiga wawili. Kushoto, kwenye migunga. Wanatuangalia."

Niliangalia. Palikuwa na magogo mawili yaliyokauka, yamesimama. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa ameinua darubini akiyatabasamia magogo.

"Dereva," nikasema, "yale ni magogo."

Alishusha darubini. Akaivua shingoni, akaifuta vioo kwa pindo la shati, akaifuta muda mrefu, kisha akaiweka mapajani.

"Presha ya macho," alisema. "Pembeni pameshafungwa. Nimebaki na tundu katikati, nalo lina ukungu. Daktari kasema kilichopotea hakirudi. Wageni nimeacha kuwapeleka tangu Pasaka, nimewaambia ni mgongo."

Nikaelewa kwa nini nilipewa funguo. Naona aibu kuandika kilichonijia kwanza. Hakikuwa huruma. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia la mkaa akaambiwa ateremshe.

"Nimekuambia wewe," akaendelea, "kwa sababu nilitaka kuiona nchi hii mara ya mwisho na mtu mzima anayejua kunyamaza. Eli asijue mpaka amalize mtihani wake. Akijua ataacha kila kitu aje kunishika mkono. Namjua."

Neno hilo, "namjua", lilinichoma. Mimi babake ndiye niliyepaswa kulisema. Lakini niliapa kwamba sitafungua mdomo, na nilipoapa nilikuwa na nia ya kweli.

Siku nne zilizobaki nilikuwa macho yake. Tarangire tulisimama juu ya mto uliokauka, nikamwambia tembo wako wengi. Akanikatiza. "Usiniambie wengi. Niambie wanafanya nini." Nikatazama upya. Nikamwambia jike mmoja anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, anaupekua kwa mkonga, maji yametokea, na mtoto wake anataka kuingiza kichwa kizima kwenye shimo. Nikamwambia wengine wamejipanga nyuma, wanasubiri. Akafumba macho, akasema, "Yule mtoto watampiga kofi." Baada ya dakika moja mama alimsukuma kwa mkonga, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Tukapita Mto wa Mbu, tukakata kuelekea Engaruka, barabara ya mawe na mavumbi mpaka Natron. Pale hakuna geti la hifadhi ya taifa, lakini nchi ni kavu kuliko zote tulizopita, na mlima Oldonyo Lengai umesimama peke yake, kileleni mweupe kwa majivu. Nilimweleza ziwa: magadi yaliyopasuka kama udongo uliokauka, heroe wa waridi wakitembea kwa mstari, ladha ya chumvi mdomoni. Nilieleza kwa karibu saa nzima. Nilipomaliza akasema:

"Eli anaeleza hivyohivyo. Siku zote nilijiuliza kakitoa wapi kipaji hicho. Sasa najua."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa zawadi kubwa kuliko hiyo. Nilirudi nayo Arusha nimeifumbata. Na ndiyo maana nilichofanya wiki iliyofuata hakina utetezi.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, mke wangu amepika machalari ya ndizi na nyama, Eli amekuja kutoka chuoni. Mtihani wake wa porini ulikuwa Jumanne. Alikula na kuongea, na kila alichoongea kilianza na "Mzee alisema", maana ndivyo anavyomwita Dereva. Mzee alisema usimweleze mgeni kitu ambacho anakiona. Mzee alisema simamisha gari jua likiwa mgongoni. Nikangoja anitaje. Nilikuwa nimetoka safari ya siku sita, nimeona mengi, na hajaniuliza hata swali moja. Kisha akamwambia mama yake, "Mama, mimi kuona nimefundishwa na Mzee. Bila yeye ningekuwa kipofu."

"Kipofu ni huyo Mzee wako," nikasema.

Eli akainua macho.

"Haoni," nikasema. "Magogo anayaita twiga. Mkomazi nzima mimi ndiye niliyekuwa namwonyesha." Na nikacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonirudia mpaka leo, kuliko maneno.

Nilitaka amwone mdogo. Nilitaka mara moja tu amwangalie yule mtu kama mimi nilivyoangaliwa miaka yote, kwa adabu na bila mshangao. Eli aliweka kijiko chini, akanawa mikono, akatoka. Hakupita getini. Aliruka uzio.

Jumanne hakwenda kwenye mtihani. Alikuwa Moshi kwenye hospitali ya macho, amekaa benchi na Dereva, ingawa daktari hakuwa na jipya la kuwaambia. Chuo kikamwambia arudie mwaka unaofuata. Akahamisha begi lake na godoro kwenda ng'ambo ya uzio, ili mzee asikae peke yake. Mimi niliyetaka amwone mdogo nilikuwa nimempa Dereva mwanangu mzimamzima, na mwaka wake wa masomo juu. Tulipokutana njiani aliniamkia. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Akapita. Mke wangu hakunigombeza, alikuwa anapeleka vyakula viwili, sahani moja kwangu na bakuli moja kule.

Dereva naye hakunisema popote. Kundi la WhatsApp la madereva lilijaa pole, lakini hakuna aliyejua siri imetokea wapi. Ila asubuhi hakuja tena kwenye uzio na kikombe chake. Alikunywa chai upande wa pili wa gari, mahali ambapo simwoni. Miezi ilipita hivyo, vuli ikanyesha, masika ikanyesha, na mimi nikawa nasikia kitambaa chake kikisugua bati la gari.

Mwezi uliopita, Jumamosi saa kumi jioni, nilichukua kisu nikaenda kwenye uzio. Nilikata jani moja refu, nikalifuta vumbi, nikazunguka kwa barabara kama mgeni. Eli hakuwepo. Siku hizi, akisubiri mtihani, anapeleka wageni uwanja wa ndege wa Kisongo kwa gari la kampuni. Nilikuwa nimechagua saa hiyo makusudi. Nilitaka nilinyooshe jani, alipokee, yaishe, nirudi nyumbani kabla sijaongea sana. Ndiyo faida ya sale, linamsemea mwenye aibu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya gari, darubini shingoni. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha jani. Hakusogea. Uso wake ulikuwa umegeukia pale ilipo sauti ya viatu vyangu.

"Mwalimu," akasema. "Karibu. Mbona umesimama?"

Hapo ndipo nilipotambua ujinga wangu. Nilimletea kitu kinachofanya kazi kwa kuonwa, na yeye sasa haoni kabisa. Nililigeuzageuza jani, likatoa sauti.

"Una nini mkononi?"

"Sale."

Mila haimruhusu mtu kuuliza. Yeye aliuliza.

"La nini?"

Ningeweza kusema la kusamehewa, ikaisha. Nikakaa. Nikamwambia nilimwambia Eli kwa makusudi. Nikamwambia nilijua mtihani ni Jumanne. Nikamwambia nilicheka. Nikamwambia nimemwonea wivu tangu mtoto ana miaka sita, wivu wa darubini, wa honi, wa askari wa geti, na kwamba pale kwenye magogo, kabla sijamhurumia, nilifurahi. Hilo la mwisho sikuwa nimepanga kulisema.

Dereva akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata jani, akalivuta taratibu kati ya vidole kutoka shina mpaka ncha.

"Lile la furaha nililisikia palepale Mkomazi," akasema. "Sauti yako ilikaa vibaya. Nikasema moyoni, huyu naye." Akaliviringisha jani kidogo. "Na mimi nikuambie langu. Ikifika saa kumi na mbili nilikuwa namwambia Eli aende nyumbani, anaitwa. Hakuwa anaitwa. Nilikuwa siwezi kumwangalia akitaka kuondoka mwenyewe. Na kila siku alitaka, Mwalimu. Kila siku ilipofika saa hiyo aliangalia uzio."

Alilikunjua jani.

"Umelikata wapi?" akauliza.

"Pale nilipoziba."

"Pale pa kuku wako."

"Palepale."

"Basi jani moja halitoshi," akasema. "Kata na vijiti vyote vilivyobaki."

Nikachukua panga lake ukutani, nikaenda. Miti ya sale ya miaka mingi si laini, shina limekuwa nene kama mkono, na mimi si kijana. Nilikuwa nimeangusha shina la tatu niliposikia honi getini, mbili fupi na moja ndefu. Eli aliingia, akasimama. Aliniona mimi na panga na jasho. Akamwona Dereva kwenye benchi, jani la sale limelala juu ya darubini yake. Jani likafanya kazi yake, kwa sababu yeye anaona. Hakuuliza kitu. Alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha gari, akaja akashika shina nililokuwa nalikata ili lisitikisike.

"Shikamoo, baba," akasema. Kisha akageuza kichwa. "Shikamoo, Mzee."

Alianza na mimi. Najua mtu aliyesamehewa hapaswi kuhesabu, lakini nilihesabu.